Bangili za Mama Vitasa

Walimwita Mama Vitasa kwa sababu ya kazi yake, na jina hilo likamkaa mpaka lile alilopewa na wazazi likaota ukungu. Katika lile jengo refu la maofisi kila mlango ulikuwa na kitasa cha shaba, na kila kitasa cha shaba kilikuwa chake. Wengine walifagia, wengine walipiga deki, wengine walibeba birika za chai. Yeye alisugua. Tambara begani, kopo la dawa mkononi, mlango kwa mlango, ghorofa kwa ghorofa. Akifika juu kabisa, vya chini vilishafifia kwa vidole vya watu, basi anashuka kuanza upya, kama mtu anayefuta mvua kwa kanga.

Lakini viling'aa, hilo hata adui yake alikubali. Mkurugenzi alikuwa akichania ndevu zake kwenye kitasa cha ofisi yake mwenyewe, kioo akakipeleka nyumbani kwa mkewe. Na kuna nzi aliyewahi kutua pale, akateleza, akavunjika mguu, na mpaka leo anaruka upande upande. Anayebisha akamuulize nzi.

Kilichokuwa haking'ai ni magoti. Magoti ya Mama Vitasa yalikuwa yamegoma zamani, ila yeye aliyaburuta hivyo hivyo, kama mtu anavyoburuta watoto wasiotaka shule. Ngazi za jengo lile alizijua kwa maumivu: hii inachoma kulia, hii inachoma kushoto, hii inachoma kote. Jioni akirudi chumbani kwake huketi kitandani na viatu vyake miguuni, kwa sababu kuinama kuvivua ni kazi nyingine, na hakuna anayemlipa kwa hiyo.

Alikuwa akiendelea kwa sababu moja tu, nayo ni kodi ya chumba. Chakula hakikumtisha, alikula kama ndege. Mavazi alikuwa nayo ya kumzika mara mbili. Kodi ndiyo iliyomwamsha kila alfajiri, ikamshika mkono, ikampeleka kwenye vitasa.

Basi siku moja mama mwenye nyumba akamwita barazani. Akamwambia amechoka na wapangaji, anahamia kwa bintiye, na nyumba anaiuza chumba kwa chumba. Kila aliyekaa muda mrefu ataulizwa kwanza. "Chumba chako ukikitaka ni chako," akasema. "Usipokitaka, yule muuza magodoro anataka kukifanya stoo. Nijibu kabla mwezi haujaisha."

Mama Vitasa aliingia ndani, akaketi kitandani, akazitazama kuta zake kama mtu anayetazama wachumba. Akipata chumba, kodi imekufa. Kodi ikifa, na vitasa vimekufa. Atalala mpaka jua limpige usoni, aliambie jua lirudi baadaye. Akikosa, itabidi atafute chumba kingine, ngazi nyingine, kodi nyingine, na magoti yale yale. Mambo yote ya maisha yake yalikuwa yamesimama hapo, na yalisimama kwa mguu mmoja.

Na chini ya kitanda, ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko, alikuwa na dhahabu.

Jinsi alivyoanza kununua dhahabu ni habari ya mto wa kulalia. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala, mtu asiyeamini benki, wala jirani, wala kabati. Akiba yake, noti tupu, aliishindilia ndani ya mto na kuulalia. Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba noti za zamani zimekwisha kazi, mwenye nazo apeleke kubadilisha. Siku hizo baba alikuwa kitandani na homa kali, anaota anakimbizwa na makuli, na hakumwambia mtu mto una nini. Alipopona, mlango wa kubadilishia ulikwisha fungwa. Ule mto waliendelea kuulalia. Ulikuwa mto wa bei ghali kuliko mito yote ya mtaa, na ulimuumiza shingo kila aliyeuwekea kichwa.

Mama yake alikuwa akisema, "Mwanangu, karatasi ni ahadi ya mtu, na mtu hugeuka. Wewe nunua kitu ambacho hata redio haiwezi kukitangazia kifo."

Mama Vitasa akalishika hilo kama aya. Alipoajiriwa akajinyima chai, akajinyima sabuni ya kunukia, akajinyima hata shoga wa kupita naye madukani, maana shoga hugharimu. Akapata za kutosha akaenda kwa sonara, mzee mmoja aliyekuwa hacheki, akafuliwa bangili mbili pacha kutoka kipande kimoja cha dhahabu, zenye maua ya kuchongwa pande zote. Mzee alizipima mbele yake, moja kila upande wa mizani, na mizani ikasimama kama askari. Moja akaivaa. Ya pili, kaka yake alipooa, alimvika bibi harusi mbele ya watu, na watu wakasema huyu si wifi, huyu ni hazina.

Baada ya hapo akanunua nyingine na nyingine, kila alipoweza, mpaka kopo la maziwa likawa zito. Na kila Ijumaa, akitoka kusugua shaba za watu, alikaa mlangoni kwake kusugua dhahabu yake. Alichekecha jivu laini. Akatwanga tofali, akapitisha unga wake kwenye kitambaa. Akamalizia na ile dawa iliyobaki kwenye kopo la ofisini. Alisugua kwa nguvu zile zile za kitasa cha mkurugenzi, maana hakujua namna nyingine ya kupenda kitu. Majirani wanasema siku hizo kuku walikuwa hawalali, wanadhani kumekucha.

Wifi yake alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa fundi cherehani, mnene, mwenye mdomo unaokwenda kasi kuliko sindano. Kila akipata chochote alinunua cherehani nyingine, akaikodisha kwa fundi mwenzake. Ile bangili ya harusi aliitupa chini ya sanduku la vifungo, ikakaa humo miaka nenda miaka rudi mpaka ikawa na rangi ya doa la chai. Mama Vitasa akiiona vidole vilikuwa vinamwasha kuisugua.

"Wifi, ile zawadi yangu inafanana na kitu kilichozibuliwa kwenye bomba," alikuwa akimwambia.

"Iache ilale. Imeshaolewa, haina haja ya kujipodoa."

"Uchafu tu huo."

"Na hiyo dhahabu yako, wifi, ni mgeni asiyekula wala kuosha vyombo. Kazi yake kukaa. Cherehani yangu mimi nikilala, yenyewe iko kwa mtu inanitafutia."

"Ikivunjika sindano?"

"Naweka nyingine."

"Ikishika kutu?"

"Natia mafuta."

"Dhahabu haitaki sindano wala mafuta."

"Haitaki, kwa vile haifanyi kazi. Hata kaka yako hatumii mafuta."

Ndivyo walivyokuwa, na kaka mwenyewe akisikia hayo huinuka akaenda kutafuta hewa.

Sasa siku ya kwenda kwa sonara kuuza dhahabu ilipofika, Mama Vitasa alimpitia wifi yake amsindikize, kwa sababu mwanamke hatembei peke yake na kopo la dhahabu. Akamwamuru achukue na ile bangili yake, isafishwe, aibu iishe kabla yeye hajafa. Wifi akaguna, akaifukua chini ya vifungo, akaitumbukiza kwenye pochi pamoja na peremende na kipande cha chaki. Wakaenda polepole. Kila penye kizingiti cha kukalia Mama Vitasa alikaa, na wifi akasimama kumkinga jua kwa mwili wake, kazi ambayo mwili ule uliiweza vizuri.

Mzee asiyecheka alikwisha kufa. Dukani alikuwepo mwanawe, naye keshapata kipara, ana lenzi imening'inia shingoni. Alisikiliza, akazipanga zile bangili juu ya kitambaa cheusi, akamwambia Mama Vitasa habari aliyokuwa anaingojea maisha yote. Bei ya dhahabu imepanda. Imepanda kuliko mchele, kuliko mafuta ya taa. Pesa zilizonunua bangili moja wakati ule, leo hazinunui hata kisanduku ilimowekwa. Aliyeweka karatasi amelia, aliyeweka dhahabu amecheka.

Mama Vitasa hakucheka, alikuwa amechoka mno, ila alimgeukia wifi yake na kumtazama kwa muda. Mtazamo ule ulikuwa na maneno ya miaka thelathini. Wifi akajitia kusoma tangazo ukutani.

Sonara akakwaruza kila moja kwenye jiwe lake jeusi, akatia tone la dawa, akaitikia kwa kichwa kwamba ni safi, haina mchanganyiko wa ajabu. Kisha akaweka ya kwanza kwenye mizani yake ya umeme. Akaiondoa, akaiweka tena. Akaweka ya pili, akakuna kipara.

"Mama, hizi alizifua mzee wangu?"

"Mikono yake mwenyewe. Nilisimama hapo ulipokanyaga."

"Mzee hakuwahi kufua bangili nyembamba hivi."

Mama Vitasa akamwambia mizani yake ina njaa. Akamwambia tangu lini dhahabu ikapimwa na kitu chenye waya. Aliyasema taratibu, bila ukali, kama mtu anayemwomba mtoto arudishe alichookota. Sonara hakukasirika. Alipanda kiti, akaitungua ukutani ile mizani ya marehemu baba yake, ya vikombe viwili na minyororo, akapuliza vumbi. "Tafuta kitu unachokijua uzito wake," akasema.

Mama Vitasa alikijua kimoja tu. Akamwambia wifi atoe yake.

Ikatoka kwenye pochi na unga wa chaki. Sonara akaweka pacha mmoja kikombe hiki, mwenziwe kikombe kile. Ile chafu ikashuka. Haikushuka kwa kusitasita. Ilishuka kama mtu anayekaa kwenye kiti chake.

"Uzito wa uchafu huo," akasema Mama Vitasa, ila sauti ilikwisha kulegea.

Sonara akaichukua, akaichemsha kidogo katika maji yake ya dawa, akaifuta kwa kitambaa laini. Ilitoka ya manjano, ya siku ya harusi, na maua yake yote: majani, vikonyo, hata vishimo vidogo katikati ya ua. Akairudisha kikombeni. Ikashuka vile vile.

"Maua ya hii yako yalikwenda wapi, mama?"

"Yalikuwa yanashika uchafu. Niliyasugua."

"Kwa nini?" alitaka kusema kwa kitu gani, akajisahihisha. "Unasugulia nini?"

"Jivu. Na unga wa tofali. Kila Ijumaa."

Sonara akashusha lenzi yake polepole mezani. "Mama yangu," akasema, "sisi humu ndani, tukitaka kupunguza dhahabu, tunaisugua hivyo hivyo."

Nje kulikuwa na mtu anauza ndala, anazipiga moja kwa nyingine, pwa, pwa. Sonara akaeleza kwa upole kwamba dhahabu safi ni laini, si kama shaba ya mlangoni. Na hata shaba ya mlangoni inaliwa, ila hakuna anayeipima. Mama Vitasa akavifikiria vile vitasa, ghorofa kwa ghorofa, vyote vimekonda mikononi mwake na hakuna aliyejua. Akayafikiria matambara aliyoyatupa, Ijumaa baada ya Ijumaa, meusi, mazito kidogo. Alidhani weusi ule ni uchafu unaotoka.

Na haikuwa hilo tu. Sonara akamweleza kwamba anayenunua dhahabu hulipa na jasho la fundi, lakini anayeuza harudishiwi jasho. Hupimiwa dhahabu tupu. Na duka nalo lina mdomo wake, lazima lile. Akapiga hesabu mara mbili, ya pili kwa huruma, na hesabu ikafika karibu na chumba bila kugusa mlango. Ilipungua kama robo.

Mama Vitasa akasema amesikia. Akaomba kiti.

Alikaa hapo akingoja wifi yake aanze. Alijua maneno yatakayokuja, angeweza hata kumsaidia kuyapanga. Lakini wifi alikuwa anatazama chini, anasugua kidole gumba na kidole cha pili kama anayevingirisha uzi. Kunyamaza kule ndiko kulikomuuma Mama Vitasa kuliko mizani. Mtu akikuhurumia mpaka anasahau kukutania, basi mambo yako yameharibika kweli.

"Sema basi," akamwambia. "Sema niondoke."

"Niseme nini? Ulikuwa na haki, wifi. Cherehani yangu ya kwanza leo hata wa vyuma chakavu haitaki. Ilinilisha, kisha ikafa. Dhahabu yako haikulishi, lakini inangoja. Ila kitu cha kungoja hakitaki kuguswaguswa."

"Ungeniambia zamani."

"Nilikwambia iache ilale. Ukaniita mchafu."

Mama Vitasa akataka kucheka, akapata kikohozi. Akavuta pumzi, akawaza kwamba kesho ni zamu ya ghorofa za juu.

Wifi akaisukuma ile bangili yenye maua mbele ya sonara. "Na hii ipime."

Mama Vitasa akamshika mkono. Akamwambia zawadi ya harusi hairudi kwa aliyeitoa, ni mkosi, na kaka yake atasemaje, na watu watasemaje. Wifi akamwacha amalize yote.

"Nani kakurudishia?" akasema. "Mimi nanunua. Chumba chako kina dirisha linaloangalia barabara. Nalitaka lile dirisha. Kibandani kwangu naunguza macho kama nashonea ndani ya chungu, na kodi nalipa. Dirisha langu, kitanda chako. Tumemaliza."

"Mimi nataka kulala, wifi. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitaka."

"Lala. Cherehani haina maneno na wewe."

"Wewe unayo."

"Hayo utayazoea. Kaka yako kayazoea, na yeye ni dhaifu kuliko wewe."

Sonara alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Mama Vitasa alizitazama zile bangili zilivyokaa pamoja juu ya kitambaa cheusi: zake zote laini, zimeng'aa kama maji, hazina hata jani, na hiyo moja yenye bustani nzima. Hakujua kama amekombolewa au amekamatwa. Alichojua ni kwamba magoti yanauma, na kwamba akikataa, kesho ni ngazi. Akaachia mkono wa wifi.

"Ipime," akamwambia sonara.

Ile yenye maua ikaziba robo iliyopungua, na yale ya mama mwenye nyumba yakaenda sawa. Alihesabu chake, akampa funguo mbili, akashangaa kuona na wifi anadai moja. Muuza magodoro alikasirika siku tatu, kisha akapata mahali pengine.

Mama Vitasa akaenda jengoni kuaga. Msimamizi alikuwa mtu wa makamo mwenye saa kubwa, akamsikiliza, akamshukuru, akamtakia mapumziko mema. Mama Vitasa akamuuliza nani sasa atasugua vitasa. Msimamizi akamwambia asiwe na wasiwasi. Walikuwa wanangojea tu yeye aondoke, kwa heshima, ndipo wang'oe shaba zote, waweke vya chuma kisichohitaji kusuguliwa. Vilikuwa stoo tangu mwaka juzi. Akamwambia hivyo kwa furaha, akidhani ni habari ya kumtuliza.

Akashuka ngazi zote kwa mara ya mwisho akishikilia ukuta. Hakugeuka kutazama kitasa chochote.

Asubuhi iliyofuata hakuamshwa na kodi. Aliwasikia majirani wanatoka, ndoo zinagongana, mtu anamkaripia mtu kuhusu kandambili, na yote hayo hayakumhusu. Alivuta shuka mpaka masikioni. Usingizi ulikuwa unamjia ule mzito, ambao hakuuonja tangu usichana, umeshamfika shingoni, alipopigiwa hodi na mlango kusukumwa papo hapo, maana aliyepiga alikuwa na ufunguo.

Wifi akaingia kinyumenyume, yeye na msukuma mkokoteni mmoja, wamebeba cherehani katikati kama mgonjwa. Wakaiweka chini ya dirisha. Akamlipa msukuma mkokoteni, wakagombana kidogo, wakaelewana. Akapandisha pazia, mwanga ukamwagika mpaka kitandani.

"Umelala?" akauliza.

"Nilikuwa."

"Endelea, endelea. Hata sitoi sauti."

Mguu ukaanza. Krr, krr, krr. Mama Vitasa akageukia ukuta wake, ukuta aliouazima miaka yote na leo robo tatu yake ni yake, akaufumbia macho. Akamwambia wifi yake apunguze mwendo basi, angalau leo. Wifi akasema anamalizia pindo moja tu, kisha atanyamaza. Lilikuwa pindo la pazia, na pazia lenyewe ni la ukumbi wa watu mia tano.